Alama Saba za Betri Bandia

Jentrix alichungulia chini ya kitanda, akasogeza ndoo, kisha akatazama nyuma ya mlango ambapo mizani yake huning'inia kila siku. Msumari ulikuwa mtupu. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Mvua ya Mei ilikuwa imekatika, lakini bati lililotoboka juu ya jiko liliendelea kudondosha maji ndani ya sufuria, tone moja moja, kana kwamba halikupata habari kwamba mvua imekwisha.

"Baba Wasike, mizani yangu iko wapi?"

Wakhisi alikuwa ameketi kwenye stuli akiingiza kipande cha katoni ndani ya kiatu chake cha kushoto. "Iko kazini."

"Kazini kwa nani? Kwako ama kwangu?"

"Kwangu. Ni ya leo tu. Kuna kitu lazima nipime."

"Unapima nini huko? Meli?"

Alivaa kiatu. Jentrix alibeba beseni lake akasimama mlangoni. Hakuuza minofu ya mbuta. Minofu ilikwenda ng'ambo kwa ndege. Yeye na wanawake wengine wa mtaa wa Kondele, Kisumu, walipanga foleni kwenye lango la kiwanda wakanunua kilichobaki, kichwa na mgongo wazi, yaani mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, wakakaanga, wakawauzia watu wanaolitazama ziwa kila siku bila kuwala samaki wake. Mizani ile haikuwa ya kuuzia. Ilikuwa ya kununulia. Karani wa lango alikuwa na mizani yake, na kilo kumi za mizani ile zilikuwa nane ukifika nyumbani.

"Haya," alisema. "Leo nitaibiwa kwa ajili ya serikali."

Wakhisi alifunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na miezi kumi tu ilibaki astaafu. Katika miezi hiyo hakukusudia kupokea kitu kibovu stooni mwake hata kimoja.

Stoo ya Shirika la Vivuko la Winam ilikuwa chumba kirefu cha mabati ukingoni mwa maji, chenye dirisha moja la kutolea vifaa. Wakhisi alikuwa amekaa nyuma ya dirisha hilo miaka ishirini na miwili. Juu yake, ukutani, kulikuwa na maneno yaliyopakwa kwa rangi nyekundu mwaka wa tisini na moja na mhandisi mmoja Mdenmarki: HAKUNA WAYA WA STIMA NDANI YA TANGI. Mhandisi huyo alikuja na msaada wa drili sita za betri, akawafundisha mafundi kwamba ndani ya tumbo la kivuko, penye chuma pande zote na maji miguuni, drili ya waya ni kama kumpa mtu sumu kwa kijiko. Alikaa miaka miwili akarudi kwao. Drili zilibaki. Betri zake, baada ya miaka minne ya kuchajiwa, zilichoka, na Shirika likatangaza tenda ya betri kumi na mbili mpya.

Tenda ilishindwa na Lornah Jumla na Rejareja. Madam Lornah alikuwa mdogo wa mke wa Meneja wa Karakana, na hilo lilijulikana na kila mtu, hata na mbwa wa lango, ambaye hakubweka gari lake lilipoingia. Kabla ya betri alikuwa ameliletea Shirika sabuni isiyotoa povu, sare zilizochuja zambarau kwenye migongo ya watu, na buti za mpira zilizopasuka kabla hazijakanyaga maji. Kila mzigo ulipofika ulipigiwa muhuri.

Asubuhi hiyo Wakhisi aliitundika mizani ya mkewe kwenye boriti. Stoo nzima ilinuka samaki. Walter Oketch, fundi wa mabati, alikuwa ameegemea dirisha kwa viwiko akingoja misumeno.

"Japuonj," alisema. Alimwita hivyo siku zote, mwalimu kwa Kijaluo, nusu kwa dhihaka na nusu kwa heshima, na hakuna aliyejua nusu ipi ilikuwa kubwa. "Leo tunakula mbuta ama betri?"

"Njoo uone. Hii ni ya zamani, ya Mdenmarki." Wakhisi aliitundika. Sindano ilishuka hadi karibu na gramu mia saba. "Hii ni ya Madam." Sindano ilisimama kwenye mia nne.

"Labda imepunguza mwili. Maisha ni magumu."

"Ndani ya ganda la kweli kuna seli kumi. Hapa hazifiki sita. Tazama namba. Betri ya kweli ina namba yake, kama wewe na kitambulisho. Hizi zote kumi na mbili zina namba moja." Alilowesha kidole gumba kwa mate akasugua jina la kiwanda, jina likamganda kidoleni. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaigusisha kwenye vidole vya shaba vinavyopokea moto wa chaja. Sumaku iling'ang'ania. "Ni bati lililopakwa rangi. Na skrubu hizi ni za msalaba. Za betri ya kweli ni za nyota."

Oketch alipiga mluzi. "Omera, ndugu yangu! Wewe ungekuwa daktari, watu wa mji huu wangeogopa kuugua mbele yako."

Meneja aliingia kabla Wakhisi hajajibu. Bwana Gordon Obiero hakuwa ameshika spana tangu atoke chuoni, na alilisema hilo kwa fahari, kama mtu asemavyo kwamba hanywi pombe. Aliishi Milimani, nyumba yenye ua mpana na mti wa jakaranda, na Peugeot ya Shirika iliwapeleka watoto wake shule, ikampeleka mkewe saluni, kisha ikapata muda wa kumleta yeye kazini.

"Mzee Wakhisi. Naambiwa umegeuza stoo soko la samaki."

"Bwana Meneja, betri hizi ni bandia. Siwezi kuzipokea."

Oketch alivuta viwiko vyake kutoka dirishani polepole. Lakini Obiero hakupaza sauti. Aliitazama mizani, akaitazama sumaku, akamtazama Wakhisi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama katika miaka yote ile.

"Umejuaje?"

Wakhisi akamweleza, na Obiero akasikiliza, akatikisa kichwa na kuuliza maswali. Mwishowe alimwekea mkono begani.

"Unajua, watu kama wewe ndio Shirika linahitaji. Hawa vijana wa digrii hawaoni kitu. Niandikie memo. Alama zote, moja moja, mtu yeyote akisoma aelewe. Nitaipeleka mbele."

"Mbele wapi, Bwana Meneja?"

"Mbele, Mzee. Mbele."

Wakhisi alielewa kuwa ni Nairobi. Hakuna aliyewahi kupeleka neno lake mbele kupita lango.

Alikuwa mtu wa darasa la saba. Kila kitu kingine alikipata baadaye, katika madarasa ya ngumbaru kwenye ukumbi wa jamii, jioni baada ya kazi, akiwa amekaa kwenye dawati lililomfika magotini. Hapo Mwalimu Kageha, mwanamke mwembamba aliyechukia maneno mengi, aliwafundisha kuandika barua za kikazi. Barua nzuri, aliwaambia, ni ukurasa mmoja. Ukizidi hapo umeandika kwa ajili yako mwenyewe, kwa sababu mkubwa hageuzi karatasi.

Kwa jioni tatu Wakhisi alibaki ofisini akipiga memo hiyo kwenye taipureta ambayo herufi yake ya e ilipinda kama mtu mwenye kibyongo. Mara ya kwanza alama zilikuwa nane na karatasi ikajaa kabla hajafika mahali pa sahihi. Alipunguza maneno, akaanza upya. Bado. Alama ya nane ndiyo ilikuwa ndefu: ichajiwe usiku kucha, ifungwe kwenye drili, itoboe chuma mpaka iishe nguvu, ya kweli itatoboa mashimo thelathini, bandia haifiki matano. Hii haikuwa alama ya macho wala ya mkono, alijiambia. Ilikuwa jaribio. Mtu akishaona saba hahitaji jaribio. Akaiondoa.

Memo ikaingia kwenye ukurasa mmoja, pambizo sawa kila upande. Aliisoma mara mbili kwa furaha ya kweli, akatia sahihi, akaiweka nakala ya kaboni ndani ya kitabu chake cha sarufi.

Betri zilirudishwa. Wiki tatu zikapita. Wakhisi alianza kunyoa kila siku, kwa kuwa watu wa Nairobi huja bila taarifa.

Aliyekuja alikuwa Madam Lornah. Alishuka kwenye Peugeot ya Shirika siku nne kabla ya sikukuu ya Madaraka, akiwa amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, na manukato yake yakaingia stoo kabla yake. Obiero alimfuata nyuma akiwa amebeba katoni mwenyewe, jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuliona.

"Mzee, habari ya kazi? Nimekuletea zako. Leo hutanifukuza."

Alizipanga betri kumi na mbili kwenye kaunta. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akailainisha kwa kiganja. Ilikuwa na doa la chai lenye umbo la kikombe. Wakhisi alizitambua e zenye kibyongo kabla hajalitambua jina lake mwenyewe chini.

"Sasa tukague pamoja," alisema Madam Lornah, akafungua kalamu. "Alama ya kwanza, uzito. Pima."

Mizani haikuwapo. Wakhisi alikuwa ameirudisha kwa Jentrix siku ileile aliyoitumia.

"Tumekuja na yetu," akasema Obiero.

Uzito ulikuwa gramu mia saba kamili. Madam akaweka tiki. Namba zilikuwa tofauti, zikifuatana vizuri kama watoto kwenye gwaride. Tiki. Jina la kiwanda halikutoka kwa mate, wala kwa spiriti. Tiki. Sumaku iliteleza juu ya shaba ikaanguka kaunta. Skrubu zilikuwa za nyota. Mshono wa ganda ulikuwa umebana. Rangi ya lebo ilikuwa ile ile iliyoelezwa katika mstari wa kumi na tisa wa memo yake.

"Nimefurahia sana maandishi yako," alisema Madam Lornah akifunga kalamu. "Yako wazi. Hata fundi wangu, na yeye hakusoma sana, alielewa kila kitu."

Alisema hivyo bila kuona haya. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anamshukuru, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Wakhisi alichukua betri moja akaiweka sikioni, akaitikisa. Ilinong'ona, shh, kama kayamba lililofunikwa kwa blanketi.

"Kuna mchanga ndani," alisema.

"Hiyo ni alama ya ngapi?" aliuliza Obiero.

"Haimo kwenye memo, lakini Bwana Meneja, kuna alama ya nane. Tuchaji moja leo usiku, kesho tutoboe chuma mpaka—"

"Iko kwa karatasi?"

"Hapana."

"Kwa nini haiko?"

Wakhisi aliirudisha betri kaunta. Nje, winchi ililia ikanyamaza.

"Basi haiko," alisema Obiero. Alichukua betri moja, akaisukuma ndani ya drili, akabonyeza. Drili ilivuma vizuri hewani. "Inazunguka. Mkubwa anakuja Madaraka kuzindua kivuko, tangi halijamalizwa, na wewe unasikiliza betri kama mganga. Unastaafu lini?"

"Machi."

"Machi. Faili yako ya pensheni iko mezani kwangu. Kila siku naiona. Hiyo faili inaweza kukaa pale mezani, Mzee. Nimeona faili zikikaa mpaka mwenyewe akafa, na mke akaja kuiulizia, na yeye akazeeka." Alisogeza fomu ya kupokelea vifaa kaunta. "Si uliandika mwenyewe, saba? Ziko saba."

Mwisho wa fomu palikuwa na maneno: Nimekagua na nimeridhika. Wakhisi alikuwa na mwandiko mzuri, mwandiko wa mtu aliyejifunza akiwa mkubwa na kwa hiyo hakuwahi kuuchezea. Alitia sahihi yote, jina kamili, bila kukata herufi.

Jioni Oketch alimkuta akifunga dirisha.

"Nasikia umezipokea."

"Nimezipokea."

"Basi ni nzuri."

"Si nzuri. Usizitegemee."

Oketch alicheka mpaka akakohoa. "Japuonj, hebu niambie. Wakikuletea fomu kwamba mimi ni Seline, bibi yangu, utaweka sahihi?"

"Nenda nyumbani, Oketch."

"Naenda. Lakini niambie mapema, ninunue gauni."

Betri zilichajiwa usiku kucha. Kulipokucha Oketch aliingia tangini na mwenzake wa kumshikia taa. Kazi ilikuwa kutoboa sakafu ya chuma na kufunga vipande vya zinki, mashimo mia moja na kumi. Betri ya kwanza ilikufa kwenye shimo la nne. Ya pili kwenye la tatu. Kufikia saa nne asubuhi betri zote kumi na mbili zilikuwa zimelala juu ya sitaha kwa mstari, na mashimo yalikuwa thelathini na tisa. Mbele ya lango vibarua walikuwa tayari wanapaka mawe rangi nyeupe.

Saa nne na nusu Oketch alikuja dirishani na fomu. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Uso wake haukuwa wa utani.

"Anataka waya mrefu na drili ya stima."

Wakhisi alisoma. Fomu ilikuwa kwa mwandiko wa Obiero. Kifaa: waya wa mita thelathini, drili ya stima, moja. Matumizi: juu ya sitaha.

"Hapa ameandika juu ya sitaha."

"Nimeona. Mimi naenda chini."

"Usiingie."

"Nimemwambia, Bwana Meneja, kuna sheria kwa ukuta. Akasema sheria ya Mzungu ilipanda ndege na mwenyewe. Akasema ikiwa sitaki, kuna watu mia moja kwa lango wanataka." Oketch alipangusa pua kwa kiwiko. "Na ni kweli. Nimewaona. Mmoja ni shemeji yangu."

"Tumia keekee ya mkono."

"Mashimo sabini na moja kwa keekee? Nimalize Krismasi?"

"Basi vaa buti za mpira."

Oketch aliinua mguu juu ya kaunta ili aone. Buti ilikuwa imepasuka kando, kutoka kisigino hadi kidole, na maji yalitoka kama kwenye mdomo unaocheka. "Si hizi? Si ulizipokea wewe?"

Wakhisi aliitazama fomu tena. Tarehe ilikuwapo. Sahihi ilikuwapo. Muhuri ulikuwapo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekataa fomu zisizo na tarehe, zisizo na muhuri, zilizokatwakatwa, na watu walimchukia kwa hilo, na alijivunia kuchukiwa. Fomu hii ilikuwa imejazwa sawasawa. Hakujua namna ya kukataa fomu iliyojazwa sawasawa. Alitoa waya ule kwenye ndoano, akautoa dirishani, mzunguko baada ya mzunguko, na Oketch akaupokea begani.

"Weka ubao chini ya miguu," Wakhisi alisema.

"Sawa, Japuonj."

Aliandika waya kwenye kitabu cha stoo. Aliandika drili. Alikuwa anapangusa wino kwenye nibu wakati balbu juu ya kichwa chake ilipopepesa, ikawa nyekundu, ikazimika. Mashine ya kusaga chuma uani ilishuka sauti, ikashuka, ikafa. Kwa mara ya kwanza siku ile mtu angeweza kusikia mawimbi yakigonga nguzo.

Hakukimbia. Alifunga dirisha kwanza, akatia kufuli, akalivuta kuhakikisha, kwa sababu stoo haiachwi wazi. Baadaye, kila alipokumbuka siku hiyo, lililomrudia zaidi ni lile la kulivuta kufuli.

Walikuwa wamemtoa Oketch kupitia tundu la tangi kwa kamba chini ya makwapa. Drili ilikuwa bado mkononi. Vidole vilikataa kuiachia, ikabidi mtu avifungue kimoja kimoja. Buti moja ilibaki chini majini. Obiero alikuwa amesimama mbali kidogo, akiangalia saa yake.

Madaraka ilifika. Mgeni mkubwa alikata utepe, bendi ya shule ikapiga, kivuko kikapiga honi. Mashimo sabini na moja ambayo hayakutobolewa yalipakwa rangi ya kijivu.

Uchunguzi ulifanywa mwezi wa Julai, katika chumba cha mikutano cha Shirika, juu ya meza ya mahogani ambayo Wakhisi mwenyewe aliipokea mwaka wa themanini na tatu. Watu watatu walitoka Nairobi. Mwenyekiti wao alikuwa na soda mbele yake na shingo iliyomwagika juu ya kola. Upande wa pili aliketi Obiero, suti ya bluu, karatasi zake zimepangwa. Nyuma, kwenye benchi karibu na mlango, aliketi Seline, mjane wa Oketch, na mkoba mapajani.

Usiku uliotangulia Wakhisi alikuwa ameketi sakafuni nyumbani na msumari alioutengeneza kwa tupa uwe na ncha ya nyota. Alifungua betri moja kati ya zile zilizokufa. Jentrix alimshikia kibatari. Ndani kulikuwa na seli nne zilizoshika kutu. Nafasi iliyobaki ilikuwa imejazwa mchanga na kuzibwa kwa lami. Jentrix alitia vidole, akausugua, akatoa vijumba vya konokono vyeupe, vidogo kama punje za mtama.

"Huu ni wa ufuo wa Dunga," alisema. "Nimeosha samaki juu ya mchanga huu tangu niolewe. Baba Wasike, hivi vitu havikutoka ng'ambo. Wamevijaza hapa hapa."

Sasa betri hiyo ilikuwa ndani ya bahasha kwenye magoti ya Wakhisi.

"Mzee, umesoma mpaka wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Darasa la saba. Halafu ngumbaru. Halafu cheti cha utunzaji wa stoo, masomo ya jioni."

"Ngumbaru," mwenyekiti alirudia kwa wenzake, na mmoja akatabasamu kwenye kalamu yake. Aliinua memo. "Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni nzuri sana. Bwana Obiero ndiye aliyetupatia. Nimekaa katika tenda za serikali miaka mingi, sijaona mtu anayejua betri bandia namna hii." Alikunywa soda. "Kwa hivyo mtu kama wewe hawezi kudanganywa."

Wakhisi alielewa mahali maneno yale yalikokuwa yakienda, lakini yalikuwa yamekwisha kufika.

"Ulijua ni bandia?"

"Nilijua. Nilisema kuna alama ya nane."

Mwenyekiti aligeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. "Sioni nane."

"Haikutosha kwenye ukurasa."

Walicheka, hata karani. Obiero peke yake hakucheka, alionyesha masikitiko.

"Ulijua, na ulitia sahihi kwamba umeridhika."

"Nilitia. Bwana Meneja alisema faili yangu—"

"Niliuliza juu ya faili? Karani, andika. Amekiri."

Seline alisimama nyuma. Hakuna aliyemruhusu. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alimpa bwana yangu waya?"

Mwenyekiti aliitafuta fomu, akaiona, akamtazama Obiero, akasoma pale palipoandikwa matumizi juu ya sitaha, akamtazama Wakhisi.

"Mimi," alisema Wakhisi.

Seline aliketi.

Ndipo Wakhisi alipofungua bahasha. Alitoa ganda la betri, akaligeuza juu ya meza. Mchanga ulimiminika, ukafanya kichuguu kidogo kwenye mahogani, na vijumba vya konokono vikabingirika mpaka karibu na soda ya mwenyekiti.

"Huu ni mchanga wa Dunga," alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Betri hizi zilijazwa hapa Kisumu. Baada ya memo yangu. Tazameni wenyewe. Memo ilikwenda kwa Madam Lornah, ndiyo maana—"

"Mzee," alisema Obiero kwa upole. "Betri hiyo imetoka wapi?"

"Stoo."

"Uliitoa kwa fomu gani?"

Wakhisi aliutazama mchanga mezani. Katika miaka ishirini na miwili hakuwa amewahi kutoa hata misumari mitatu bila fomu.

"Nani alishuhudia ukiifungua?" aliendelea Obiero.

"Mke wangu."

"Mke wako," alisema mwenyekiti. "Karani, andika. Ameondoa mali ya Shirika bila kibali, na ameiharibu." Aliinua soda yake kutoka kwenye mchanga, akapangusa chini ya chupa kwa leso. "Hili suala la kibali litakwenda kwa polisi, si kwetu. Sasa toa hii taka. Meza hii ni ya watu."

Wakhisi alitafuta cha kuzolea. Katika mfuko wa koti kulikuwa na kitu kimoja tu, nakala ya kaboni, ukurasa mmoja, pambizo sawa kila upande. Aliikunja kama upawa. Aliuzoa mchanga kwa ukingo wa kiganja, polepole, asikwaruze mbao. Punje nyingine ziliingia kwenye ufa wa meza. Mwenyekiti aliinama akazipuliza, zikamwangukia Wakhisi kwenye viatu. Kisha akairudisha soda mahali pake na kuita shahidi anayefuata.

Ndoo ya taka haikuwapo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Wakhisi alisimama kando ya meza, karatasi imejaa mikononi, akisubiri mtu amwambie amwage wapi. Shahidi aliyefuata alikuwa Madam Lornah. Alipompita alimsalimia, "Mzee, habari ya kazi?" akavuta kiti, na kitambaa chake kikagusa karatasi. Mchanga kidogo ukamwagika sakafuni. Mwenyekiti akatazama chini, kisha akamtazama Wakhisi.